Masikio ya Remla

Harar, Tir 14, 2008

Mjukuu wangu Remla,

Assalamu alaykum. Wasalimie wote walio karibu nawe huko Addis Ababa, hata wale usiowapenda. Sisi wazima. Goti lilipona, likaugua tena, sasa sijui liko upande gani. Mbuzi wa jirani aliingia mpaka ndani akala nyasi nilizoloweka za kushonea vikapu. Nikamchapa, mwenye mbuzi akanuna, siku tatu hatuamkiani. Tumepatana kwa sababu chumvi iliniishia. Anayeandika ni Mwalimu Meftuha wa mlango wa pili, kama kawaida, amekaa hapa anakunywa kahawa yangu ya maganda na kusema haina sukari. Sukari imo, hakukoroga.

Barua yako imefika. Meftuha kaifungua, kaigeuzageuza. Nikamwuliza, "Mbona husomi, kuna msiba?" Akasema, "Hapana, Bi Zeytuna, ila hii imeandikwa kwa kalamu."

Kwa kalamu! Wewe na kalamu wapi na wapi?

Remla, tangu uende chuo barua zako zinakuja kwa mashine. Nimeziweka kwenye kishubaka cha ukutani, pamoja na msahafu wa babu yako. Wageni wakija nazitoa, maana watu hapa bado hawaamini kwamba msichana aliyezaliwa haoni anaandika barua mwenyewe. Nawaambia, kompyuta inamsemesha masikioni, naye anaijibu kwa vidole. Wananitazama kama nimetafuna mirungi nyingi.

Barua zile ni zako peke yako, hakuna mtu katikati. Mimi maisha yangu yote nasema kwa mkono wa mwingine. Alikuwa babu yako, akaja mama yako Allah amrehemu, sasa Meftuha. Najua ilivyo. Kuna maneno unayameza kwa sababu anayeandika anakutazama usoni. (Meftuha anasema hajanitazama. Ananitazama sasa hivi.)

Basi niambie, kalamu kashika nani? Na wewe umemeza nini?

Kula vizuri. Usikae kwenye baridi.

Bibi yako, Zeytuna


Addis Ababa, Yekatit 2, 2008

Bibi yangu,

Waalaykum salaam. Naibusu mikono yako yote miwili. Pole na goti, na mwambie mbuzi nimemsamehe.

Umenishika. Aliyeandika ni Mastewal, tunakaa chumba kimoja, msichana wa Gojjam, anasoma sheria kama mimi. Na leo ni yeye. Anataka ujue kwamba kwao mwandiko wake unasifiwa.

Hedifoni imeharibika, yale masikio ya kompyuta. La kushoto lilikufa mwezi wa Hidar. La kulia linakuja na kuondoka. Linasema nikishika waya kwa vidole viwili na kuinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mvua. Na upinde wa kichwani umepasuka katikati, nimeufunga kwa utepe. Spika ya kompyuta yenyewe ilikufa mwaka jana. Hata ingekuwa hai, maktaba hairuhusu kelele, na chumbani tuko sita.

Nilimpelekea fundi wa soko la Mercato. Hakuifungua. Aliipima mkononi tu akasema, "Dada, hii ya kutupa. Nunua nyingine." Mastewal naye anasema ninunue zile za kando ya barabara, nisijisumbue. Ofisi ya wanafunzi wasioona imeniandika kwenye orodha, nitapata mpya baada ya mvua kubwa. Mitihani ya mwisho iko mwezi wa Sene, kabla ya mvua kukolea. Kila kitabu nachokisoma kinapita kwenye waya huo. Nisiposikia sisomi, na nisiposoma sifaulu, na mwaka wa mwisho hakuna kurudia, kuna kurudi nyumbani.

Sikutaka ujue. Mastewal ananiuliza kwa nini, nimemwambia aandike tu.

Remla wako


Harar, Yekatit 23, 2008

Remla,

Assalamu alaykum. Msalimie Mastewal na umwambie mwandiko wake Meftuha kausifu, ila ameusifu kama mtu anayesifu mtoto wa mwenye nyumba.

Hapa kuna arusi mbili na baridi ya asubuhi. Arusi ya kwanza bwana arusi alichelewa, watu wakala mchuzi wote wa uwatu kabla hajafika, akaoa akiwa na njaa. Ya pili sikwenda. Nilisema goti.

Najua kwa nini hukutaka nijue. Ni afocha.

Unadhani nimesahau? Chama chetu cha akina mama kinatoa kwa arusi na kwa matanga, basi, ndivyo ilivyo tangu mama zao mama zetu. Siku barua yako ya chuo ilipokuja nikasimama mbele yao wote nikasema, jamani, mtoto anatoka nyumbani kwenda kuanza maisha, hii si arusi? Bi Muluka akasema, "Arusi bila mume?" Nikamwambia, "Wewe ulikuwa na mume miaka arobaini, alikufaa nini?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu wakatoa. Walitoa kama wanaoza binti yao, kompyuta na yale masikio. Na Bi Muluka huyohuyo ndiye aliyesema masikio yawe mazuri, laini, yasimuumize, maana hayo ndiyo macho yake.

Kwa hiyo unaona haya. Kitu cha arusi kimekatika mkononi mwako. Sawa. Siwaambii.

(Meftuha ni mwanachama. Meftuha, weka kalamu uape. Ameapa.)

Sasa nisikilize. Vile vya kando ya barabara usinunue. Nimeviona, watoto wa hapa wanavaa, wiki mbili vimening'inia shingoni kama ushanga wa kufiwa. Na kusubiri orodha ya ofisi usisubiri, mvua haitakungoja wewe. Na huyo wa Mercato aliyesema tupa bila kufungua, huyo si fundi, huyo ana vipya vya kuuza. Mtu akifungua akatazama ndani akasema hapana, nitamkubalia. Lakini kupima kwa mkono! Mkono una macho?

Aa. Wako unayo, ndiyo. Wake hauna.

Nipe mimi. Fundi Ayele bado yuko karibu na lango la Asmaddin, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni mmoja kwenye paji. Ndiye aliyeifufua redio ya babu yako mara nne. Mpe Bedri muuza vitambaa, anakuja huku kila wiki. Huo upinde uliopasuka niachie mimi. Kibuyu kikipasuka nakishona, kifuniko cha kikapu kikilegea nakishona, itakuwa kitu cha kuvaa kichwani?

Meftuha ananiuliza mbona namimina kahawa nje ya kikombe. Usiandike hilo. Umeandika? Lifute.

Bibi yako


Addis Ababa, Megabit 20, 2008

Bibi,

Naibusu mikono yako. Habari za huku ni njema, mvua ndogo imeanza. Mastewal hajakusamehe.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nabishana na wewe kichwani. Nikikupa hedifoni, sina hata nusu ya sikio niliyonayo. Na njia ni ndefu, na Fundi Ayele ni mzee, na wewe, nisamehe, hujawahi kushika waya.

Nilikukaidi, nikanunua zile za kando ya barabara. Zinachoma masikio, na ndani kuna mchakacho kama mtu anakaanga bisi. Yule mwanamke wa ndani ya kompyuta anayenisomea amekuwa akisema maneno nusunusu. Kifungu cha sheria ukikisikia nusu ni kibaya kuliko kutokisikia. Nikitoka hapo kichwa kinaniuma mpaka kesho yake.

Mtihani wa kati ulipita.

Kwa hiyo nimempa Bedri ile nzuri, imefungwa ndani ya mtandio wako wa zambarau. Mastewal ananisomea kwa sauti akipata nafasi, lakini naye ana mitihani yake. Bibi, nahitaji irudi kabla ya Sene kuanza. Ikishindikana niambie mapema, usinifiche, nijue la kufanya.

Remla


Harar, Ginbot 3, 2008

Remla mke mwenzangu,

Assalamu alaykum. Najua umenuna. Mwezi mzima na zaidi, na mimi kimya. Ilikuwa nyasi. Mvua ilizilowesha, zikachelewa kukauka. Halafu goti. Halafu nyasi tena.

Habari za hapa, mbuzi kazaa mapacha, sasa wanakuja watatu. Bi Muluka anauliza mjukuu wangu mwanasheria anarudi lini amsaidie kesi ya ukuta. Nimemwambia huyo mjukuu anasoma sheria kubwa, hasomi kuta.

Ngoja nikueleze ya Ayele. Nilikwenda mwenyewe, Meftuha akanishika mkono njiani kwa sababu ya mawe. Ayele akashusha miwani ya pajini juu ya miwani ya machoni, akafungua. Akafungua, Remla! Akatoa vidude akavipanga juu ya gazeti, akavinusa. Nikamwuliza, "Vimeoza?" Akasema, "Bi Zeytuna, havijaoza. Waya umekatika shingoni, hapa unapoingia kwenye sikio, na kule mwisho kwenye pini. Mwenyewe ana mchezo wa kuuzungusha kidoleni."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Toka mtoto unazungusha nywele kidoleni ukisikiliza hadithi. Nilikuwa nakupiga kikofi, unaacha, unaanza tena. Sasa nywele ziko ndani ya mtandio, umehamia kwenye waya.

Akaungua vidole, akachomelea kwa risasi, akavaa, akasikiliza redio yake, akasema yote mawili yanasema. Lakini akaniambia, "Nimeunga, ila shingo itapindwa tena, itakatika tena, mwezi mmoja tu. Ingekuwa na kitu cha kuikaza, kigumu lakini kinachokubali kuinama kidogo."

Kigumu lakini kinachokubali kuinama! Nikamwambia, "Mzee, unanieleza mimi habari za nyasi?"

Basi ndivyo nilivyofanya. Shingo zote za waya nimezivika mviringo wa nyasi, nimezishona kama mguu wa kikapu kidogo kabisa, mdogo kuliko kidole. Upinde wa kichwani nimeuzungushia wote, pale ulipopasuka nimepita mara mbili. Na nimetia alama ya nyumba yetu, ile niliyokufundisha ukiwa na miaka sita, ili mtu akiiba ujue. Ayele kaigusa akasema ataanza kunitumia mimi kwa waya zote za mji.

Rangi sijui nimetia gani. Nyekundu, nadhani, na nyeusi. Wewe hutajali.

Meftuha kanyanyua kalamu ananitazama. Andika salamu ufunge.

Bedri anayo. Vaa, usome. Na vidole viache.

Bibi yako, Zeytuna


Addis Ababa, Sene 12, 2008

Bibi,

Naandika mwenyewe. Kwa vidole vyangu, hakuna mtu katikati. Saumu njema kwenu nyote.

Yule mwanamke wa kwenye kompyuta amerudi, masikio yote mawili, wazi kabisa, anasema haraka kama Bi Muluka akidai zamu yake. Nimemsikiliza siku thelathini kasoro. Mastewal alitaka kuicheka ("Umevaa kikapu kichwani!"), sasa ameniomba nikuulize kama unaweza kuishonea chaja yake. Mitihani minne imekwisha, imebaki miwili. Nimejibu maswali yote. Nimetoka chumbani nikijua nilichoandika.

Sasa nakwambia nilichomeza. Ule mtihani wa kati nilianguka. Sikutaka Mastewal aandike, alikuwa anafuta machozi kabla sijamaliza sentensi. Ningeanguka na hii ningekuwa nyumbani sasa hivi na mizigo yangu. Ni wewe na Ayele mmenishika.

Na wewe umemeza yako.

Siku ya kwanza nilipoivaa sikuwasha kompyuta. Nilikaa kitandani nikaipapasa kazi yako. Alama ya nyumba yetu, mishono saba bapa, kisha fundo. Saba, fundo. Nilianzia sikio la kushoto. Saba, fundo. Kisha tisa. Kisha tano. Kisha mafundo mawili yamekaa pamoja kama watu waliokutana gizani. Nikafikiri nimekosea mimi, nikarudi mwanzo. Nikarudi mara nne.

Nilipokuwa mdogo nikishona nane ulinifumulia kikapu chote. Nililia, ukafumua huku nalia. Ulisema mkono wa nyumba hii hauachi saba. Nikawaza labda ni Meftuha alikusaidia, lakini Meftuha hawezi kushona hata kifungo.

Bibi, huoni tangu lini?

Arusi hukwenda. Kahawa inamwagika nje. Umekwenda kwa Ayele umeshikwa mkono, na rangi hujui ulizotia. Nyasi hazikuchelewa kukauka. Ulikuwa unashona unafumua, unashona unafumua, ili iwahi Sene.

Fundi wa Mercato aliponiambia nitupe, ulimtukana kwa sababu hakufungua. Sasa nani amekwambia macho yako ni ya kutupa? Nani ameyafungua akatazama? Wale madaktari wa mtoto wa jicho wanakuja huko kila mwaka baada ya Idi, mama yake Meftuha walimtoa akaona. Nakuja kwa sikukuu ya Shuwalid, wiki moja baada ya Idi. Tutakwenda pamoja, nitakushika mkono, na usiniambie goti.

Mpaka nifike, usishone kwa kukodoa macho. Yafunge kabisa. Ukucha wa kidole gumba uweke kwenye mshono wa kwanza, na usiutoe. Cha shahada ndicho kinachotembea mbele, kinahesabu mpaka fundo, halafu ndipo gumba linahama. Ndivyo nilivyoshona tangu miaka sita. Ulikuwa umekaa mbele yangu unanitazama kila siku, hukuniona.

Remla wako


Harar, Sene 22, 2008

Remla,

Waalaykum salaam. Nilimwambia Meftuha barua yako aisome taratibu, tukiwa wawili. Akaanza, Bi Muluka akaingia na sambusa za kufuturu, na Meftuha akianza kusoma hasimami, ualimu umemharibu. Sasa afocha nzima inajua masikio yalikatika, na inajua macho yangu. Wamenuna wote. Bi Muluka kasema, "Kuharibika kila kitu kinaharibika. Kutuficha ndiko kumetuuma." Nikamwambia ana haki. Andika hilo Meftuha, maana halitatokea tena.

Ulianguka mtihani, na mimi nilikuwa nakuhadithia habari za mbuzi. Pole, mama. Ungeniambia nisingeshona vizuri zaidi, lakini ningeshona nikijua.

Ni tangu Ramadhani ya mwaka jana. Kwanza ukungu, kama moshi wa ubani ambao hautoki chumbani. Nikasema ni ubani kweli. Nikafungua dirisha. Sasa jicho la kushoto linaona mwanga tu, la kulia linaona mtu lakini halijui ni nani mpaka aseme. Sikukwambia kwa sababu ungekuja. Nakujua. Ungeacha chuo ukaja kuniongoza njia mimi, na afocha walikutoa uende mbele, hawakukutoa urudi kwangu.

Na kwa hao madaktari sikwenda kwa sababu naogopa kisu. Nimesema. Mtu aliyemfokea fundi wa Mercato anaogopa kisu. Haya cheka.

Nitakwenda. Lakini waanze na jicho moja. Wewe umesoma miezi kwa sikio moja, na mimi nitaishi na jicho moja, tukiona linasema ndipo tuwape la pili. Na uwe umenishika mkono, usiniachie hata wakisema toka nje. Waambie wewe ni mwanasheria.

Bi Muluka anakuja kukupokea kituoni, hataki kuambiwa hapana. Mchuzi wa uwatu utaukuta.

Juzi nilifanya ulivyosema. Nilifunga macho, nikaweka ukucha. Mara ya kwanza nane. Nikafumua. Mara ya pili gumba lilihama kabla ya wakati, lina haraka kama mwenyewe. Nikafumua. Meftuha akasema nipumzike, nikamwambia anyamaze. Jana alasiri nimemaliza kipande, kirefu kama kiganja, na sikumwomba mtu yeyote anihesabie.

Nimekitia ndani ya bahasha. Hapo Meftuha hana la kuandika. Weka ukucha mwanzoni usome mwenyewe.

Bibi yako, Zeytuna